Saa Iliyodhaniwa Imekufa

Mazungumzo ya redio. Masomo: Mithali 20:14, Mathayo 20:1-16

  Huenda wengine wenu mnatusikiliza jikoni, chai ikiwa mekoni. Wengine mko safarini kwenda kazini, na wengine mmelala kitandani hospitalini. 

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya saa. Si saa ya ukutani, wala ile ya kwenye simu, bali saa ya mkononi ya zamani, isiyotumia betri. Pengine utauliza, "Jambo hilo lina uhusiano gani na Neno la Mungu?" Vumilia kidogo, ndugu msikilizaji. Katika saa moja kuukuu sisi tulipata aibu, na katika aibu hiyo Bwana akatufundisha.

Sisi tunaozungumza nanyi ni watu wanne wa ushirika mmoja hapa Mathare, Nairobi. Mmoja wetu ni mwalimu, mmoja ni fundi wa viatu, na wawili tuna biashara ndogo ndogo karibu na Barabara ya Juja. Kwa miaka mingi tumependa saa za zamani. Fedha za kununua saa mpya za bei kubwa hatuna. Lakini siku ya Jumamosi, kazi ikiisha, twashuka Gikomba kutazama vitu vilivyotandazwa chini, au twaenda mjini kwenye vibanda vya mafundi wa saa. Huko utakuta Seiko, Citizen na Orient za Kijapani, Oris na Roamer za Uswisi, na HMT za Kihindi, ambazo zilianza kutengenezwa Bangalore mwaka 1961. Nyingine hazina kioo, nyingine hazina mkanda. Twanunua moja kwa bei ya mfukoni mwetu, twaipeleka kwa fundi akaisafisha na kuitia mafuta, kisha twaivaa. Jumapili baada ya ibada tulizoea kusimama chini ya mti, kila mtu amekunja mkono wa shati, tukionyeshana.

Hilo si dhambi. Kupenda kitu kilichotengenezwa vizuri na mikono ya watu si dhambi. Lakini sikilizeni jinsi dhambi ilivyoingia.

Kwanza inafaa mjue jinsi saa hizi zinavyofanya kazi. Ndani yake mna springi ndefu na nyembamba, iliyoviringwa katika kikopo kidogo. Springi hiyo ikikazwa hutaka kujikunjua, na nguvu yake husukuma magurudumu yenye meno, moja likisukuma jingine. Mwisho wake kuna gurudumu dogo linaloyumba huku na huku, ambalo mafundi huliita balansi, yaani mizani. Mizani hiyo ndiyo igawayo wakati. Katika saa nyingi za miaka ile hupiga mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara 5 kwa kila sekunde. Katika nyingine hupiga mara 21,600, yaani mara 6 kwa sekunde. Ile sauti ya tik-tik uisikiayo ukiweka saa sikioni ni kazi ya mizani hiyo.

Sasa, kuna saa za kutiwa ufunguo kwa vidole kila siku, na kuna zile ziitwazo otomatiki. Saa ya otomatiki ina kipande kizito cha chuma, chenye umbo la nusu duara, ambacho huzunguka kila mkono wako unapotikisika. Kikizunguka hukaza springi. Ukitembea, ukifua, ukipiga msumari, saa yako inajazwa bila wewe kujua. Lakini ukiivua ukaiweka kabatini, itaendelea kwa siku moja na nusu hivi, au karibu siku mbili, halafu itasimama. Haijaharibika. Haijafa. Imekosa mkono tu. Tafadhali lishike neno hilo, msikilizaji, maana hapo ndipo tulipojikwaa.

Jambo jingine. Saa hizi hapo kwanza zilikuwa fahari ya mtu mfanyakazi. Seiko 5, kwa mfano, ilitolewa mwaka 1963. Ilikuwa otomatiki, yenye siku na tarehe katika dirisha moja, nayo ilivumilia maji na jasho. Watu wengi wa kazi waliipenda. Kisha siku ya Krismasi mwaka 1969 kampuni hiyo hiyo ilitoa Tokyo saa ya mkononi ya betri, iliyogawa wakati kwa kipande cha jiwe la kwatzi. Saa ile ya kwanza ilikuwa ghali mno, lakini miaka ilivyopita saa za betri zikawa rahisi, na za kisahihi kuliko zote zilizotangulia. Saa za springi zikatupwa makabatini. Baadaye zikaja simu, na watu wengi wakaacha kuvaa saa kabisa. Hivyo leo kuna watu wawili. Yuko aliye na saa ya zamani kabatini asiyejua thamani yake, na yuko ajuaye thamani hiyo na kuitafuta. Kati ya watu hao wawili shetani hupata nafasi ya kusimama.

Basi, mwezi wa Aprili mwaka 2024 mvua ilinyesha kwa nguvu Nairobi. Mto Mathare ulifurika usiku watu wakiwa wamelala. Maji yaliingia nyumbani, watu wakafa, na wengi wakapoteza kila walichokuwa nacho. Mwezi wa Mei nyumba zilizokuwa kando ya mto zikabomolewa kwa amri ya serikali. Kanisa letu lilipokea jamaa kadhaa, wakalala humo ndani juu ya mikeka, nasi tulisaidia kupika uji na kugawa mablanketi. Twawaambia haya ili mjue kwamba hatukuwa watu wasioingia kanisani. Tulikuwa na mwiko wa uji mkononi.

Katika siku hizo alitujia mama mmoja mjane, mwenye umri wa miaka sabini hivi. Alikuwa amefunga kitu katika pembe ya leso yake. Akakifungua.

"Wanangu," alisema, "nasikia nyinyi hununua saa za zamani. Hii ni ya marehemu, Baba watoto. Maji yalichukua vyombo vyote, lakini hii nilikuwa nimeifungia juu, karibu na mabati. Lakini imekufa. Ilikufa wiki ile ile alipofariki yeye mwenyewe, miaka miwili iliyopita. Tangu hapo haijatembea."

Wapendwa, tulipoiona tu tulijua ni nini. Ilikuwa Seiko 5 ya otomatiki. Tulijua pia kwa nini ilisimama wiki ile. Mkono ulioitikisa ulikuwa umetulia.

Mmoja wetu aliinyosha mkono akaipokea. Aliipokea pole pole, kama mtu abebaye kikombe kilichojaa. Kwa nini? Kwa sababu saa ya namna hii ikitikiswa kidogo tu huanza kutembea. Yeye alijua hivyo. Sisi watatu tuliosimama karibu tulijua hivyo. Aliishika isitembee mbele ya macho ya mama. Akaigeuza taratibu, akasoma nambari iliyochongwa nyuma. Katika saa hizo tarakimu ya kwanza huonyesha mwaka, na ya pili mwezi. Ilianza na 3 na 5. Kwa namna ya saa ile tulijua ni Mei 1973. Hivyo tulijua hata mwezi wa kuzaliwa kwa saa ya mama, jambo ambalo yeye mwenyewe hakulijua.

Kisha yule ndugu akatikisa kichwa. "Mama," alisema, "hii ni mbaya. Imekufa kweli. Labda tuitoe vipuri tu."

Sisi wengine hatukusema neno. Mmoja alitazama chini. Mmoja alijifanya anakoroga uji. Lakini kunyamaza kwetu kulikuwa ushahidi, maana mama alitutazama mmoja mmoja, na alipoona hakuna anayepinga, aliamini.

Alikuwa ameomba shilingi 1,500, apate kununua jiko na sare ya shule ya mjukuu wake. Tulimpa 600. Alizipokea kwa mikono miwili, akatushukuru, akatuombea baraka.

Tulipofika kwenye kona ya Barabara ya Juja, yule ndugu akaitikisa saa. Mara moja mshale wa sekunde ukaanza kuzunguka, laini, bila kusita. Tukacheka. Tukapigana mabega. Mmoja akasema kwamba mjini tungepata 6,000 bila kutoka jasho. Naam, wasikilizaji, tulicheka tukiwa bado tunanuka moshi wa kupikia watu wa mafuriko.

Hatukuiuza. Tulipatana kuivaa kwa zamu, kila mtu wiki yake.

Ikapita miezi mitatu. Jumapili moja, watu walipokuwa wakitoka ibadani, mama yule alisimama mlangoni akisalimu. Aliushika mkono wa mmoja wetu kwa mikono yake miwili, kama ilivyo desturi ya watu wazima. Macho yake yakaanguka kwenye saa.

"Si hii ya Baba watoto?" aliuliza. Kisha uso wake ukang'aa. "Kumbe imepona! Ni fundi gani aliyeitengeneza? Mungu ambariki fundi huyo."

Wapendwa, uongo wa kwanza huzaa wa pili. Tulimjibu, "Ni fundi mmoja wa mjini, mama."

Mama hakuuliza zaidi. Aliuinua ule mkono mpaka sikioni mwake, akafumba macho, akasikiliza. Watu walipita, watoto walipiga kelele, naye alikuwa amesimama tu. Alipofungua macho alisema, "Ni sauti yake ile ile. Usiku nikiamka, kabla ya jogoo, nilikuwa nikisikia hii katika mkono wake."

Akauachilia mkono, akatuaga, akaenda zake.

Jumatano jioni tulikutana sisi wanne. Hakuna aliyevaa saa. Mmoja akafungua Biblia katika Mithali 20, mstari wa 14, akasoma bila kuinua macho. Usome mwenyewe ukifika nyumbani, msikilizaji. Mfalme Sulemani anaeleza habari za mnunuzi akaaye mbele ya bidhaa akiitukana, akisema haifai, haifai, lakini akiisha kuondoka nayo hujisifu. Tulipousikia mstari huo tuliona kana kwamba Sulemani alikuwa amesimama pale kwenye kona ya Barabara ya Juja, akituhesabu.

Tukajaribu kujitetea. Mmoja alisema, "Lakini alikubali bei." Mwingine akasema, "Wafanya biashara wote hufanya hivyo." Hatimaye mmoja akasema, "Mizani ya saa ile inapiga mara sita kwa sekunde bila kudanganya hata mara moja. Ni mizani yetu sisi iliyodanganya." Baada ya neno hilo hakuna aliyejitetea tena. Katika Mithali 11, mstari wa kwanza, twafundishwa kwamba Mungu huchukizwa na vipimo vya udanganyifu. Nasi tulikuwa tumevaa kipimo cha kweli katika mikono ya uongo.

Kesho yake tulikwenda kwa mama. Alikuwa amepata chumba kidogo upande wa Huruma, yeye na mjukuu wake. Tulibeba saa, na bahasha yenye shilingi 5,400, ili ajichagulie kama ataka saa yake au salio la thamani yake. Tukamweleza yote. Tulimweleza kwamba saa haikufa, kwamba tulijua haikufa, kwamba tuliishika isitembee, na kwamba hakuna fundi wa mjini.

Mama alikaa kimya kwa muda mrefu. Tulisikia maji yakichemka jikoni. Kisha alisema, "Kwamba bei ilikuwa ndogo, hilo nilijua. Mwenye shida huijua bei, wanangu, lakini huuza. Lakini kwamba mliishika isitembee, hilo sikulijua."

Hakulia, wala hakutukaripia. Afadhali angetukaripia.

Halafu akasema, "Saa nirudishieni. Hizo pesa nyingine chukueni. Nami mia sita zenu nitawarudishia kidogo kidogo, maana sikuomba sadaka. Nilikuwa nauza."

Tulimsihi azikatae hizo mia sita, asitulipe chochote. Hakukubali. Basi kwa Jumapili kumi na mbili mama yule alitupa shilingi 50 baada ya ibada, moja kwa moja mkononi, kila Jumapili. Wasikilizaji wapendwa, tumewahi kubeba magunia ya mahindi na mawe ya ujenzi. Lakini hatujabeba kitu kizito kama shilingi 50 zile. Tulipojaribu kuzikwepa kwa kutokea mlango wa nyuma, alituzungukia huko.

Siku ya mwisho alituambia habari za saa ile. Mumewe alikuja Nairobi kijana, akakaa Mathare. Alikuwa akiamka saa kumi alfajiri, akitembea kwa miguu mpaka Industrial Area, kusimama mlangoni mwa viwanda pamoja na wengine waliotafuta kibarua. Siku nyingine alichaguliwa, siku nyingine alirudi mikono mitupu. Mwaka 1974, mwaka aliozaliwa mtoto wao wa kwanza, alipata kazi ya kudumu, na kwa akiba ya mshahara wake akanunua saa hiyo ili asichelewe. Hakuivua ila kwa kuoga. Majirani wote wa mstari ule waliuliza saa kwake.

Hapa twataka kuwakumbusha mfano wa Bwana Yesu katika Mathayo 20. Sisi tusomao Biblia ya Kiswahili tunao msaada mmoja katika sura hiyo. Uso wa saa ya mkononi huhesabu kutoka usiku wa manane na adhuhuri, lakini sisi huhesabu kutoka macheo na machweo. Mshale mfupi ukielekea tarakimu 5 jioni, sisi twasema ni saa kumi na moja. Watu wa Biblia walihesabu saa za mchana kutoka macheo, kama sisi. Kwa hiyo twasomapo kwamba mwenye shamba alitoka saa tatu, saa sita na saa tisa, twajua jua lilikuwa wapi. Na tusomapo kwamba alitoka tena saa kumi na moja akawakuta watu wamesimama, twaelewa mara moja. Jua limekaribia kuzama. Imebaki saa moja tu. Watu hawa wamesimama mchana kutwa, na hakuna aliyewaajiri.

Je, mwenye shamba angeweza kuwapa kiasi gani? Watu wale walikuwa na njaa. Watoto walikuwa wakiwangoja. Wangepokea chochote. Mtu mwingine angesema, "Hawa wana shida, nitawapa sehemu ndogo, nao watashukuru." Lakini mwenye shamba aliwalipa kibarua cha siku nzima. Hakuifanya njaa yao kuwa faida yake. Aliangalia kile ambacho mtu anahitaji ili aishi, akalipa hicho.

Ndugu msikilizaji, huo ndio moyo wa Mungu wetu. Na sisi je? Tulimkuta mama katika saa yake ya kumi na moja, baada ya maji kuchukua vyombo na tingatinga kubomoa kuta. Tukaiona shida yake, tukaifanya punguzo la bei.

Sasa tungependa kutaja mambo matatu ya kushika.

Jambo la kwanza. Sema unachokijua. Kupatana bei si dhambi, sote twapatana sokoni. Lakini ukijua jambo ambalo mwenzako halijui, na jambo hilo ndilo bei yenyewe, kulificha ni kuiba kwa njia ya kimya. Kama wewe hununua saa za zamani, mwambie mwenyewe, "Hii haikufa, mama. Itikise." Huenda utanunua kwa bei kubwa zaidi. Huenda hutanunua kabisa. Lakini utalala usingizi.

Jambo la pili. Uliza kitu kimetoka wapi. Hapa Eastlands twajuana. Mtu akikuletea saa usiku, mkanda umekatwa, nayo bado inatembea na ni ya moto kutoka mkono wa mtu, usiseme ni bahati. Saa nyingine zina jina limechongwa nyuma, labda zawadi ya mtu aliyestaafu baada ya miaka mingi ya utumishi. Wako wanaolifuta jina hilo ili iuzike upesi. Bwana analisoma hata likifutwa.

Jambo la tatu. Ukikosa, rudi. Zakayo, tunayesoma habari zake katika Luka 19, hakusema tu, "Bwana nisamehe." Alitaja mali, akataja hesabu, kwamba atarudisha mara nne. Toba isiyogusa mfuko bado haijafika moyoni. Nawe usingoje mtu akugundue. Mama yule hakujua. Angekufa bila kujua, akimwombea baraka fundi ambaye hakuwepo. Lakini sisi tungejua kila tulipotazama wakati.

Pengine wewe husikii haja ya saa za zamani, ukasema mafundisho haya ni ya wengine. Hebu tazama vizuri. Je, yule binti anayefua nguo zako, unamlipa kazi yake, au unalipa shida yake? Yule mama auzaye sukuma wiki njiani, ukipita giza linapoingia naye ana watoto, je, unamwambia mboga zimenyauka hali unajua utazipika leo leo? Yule jamaa anayeuza kipande cha ardhi kwa sababu ya hospitali, je, unaharakisha kuandika makubaliano kabla ndugu zake hawajapata habari? Ni mbaya, ni mbaya, twasema kwa midomo. Lakini mioyoni twacheka kwenye kona.

Na kuna wengine wenu mnaosikiliza ambao ni upande wa mama. Mmeuza kwa bei ya huzuni kitu cha marehemu, au jasho lenu, na hakuna aliyerudi kukiri. Kwenu twasema, Mungu aliona mkono ulioishika saa isitembee. Hakuna kipimo kisichopita mbele zake.

Labda mtapenda kujua saa ile iko wapi leo. Mama alimpa mjukuu wake, ambaye yuko shule ya sekondari. Mkanda ni mkubwa kwake, amefunga kwa uzi isianguke. Tulitaka kumpunguzia mkanda huo bure, na safari hii mama alikubali. Mvulana huyo hucheza mpira, huchota maji, hukimbia kuwahi shule, na saa inatembea. Mama alituambia, "Sasa nimejua. Haikutaka fundi. Ilitaka mkono."

Neno hilo linatosha kuwa mahubiri. Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, anafundisha kwamba imani isiyo na matendo imekufa. Wengi wetu imani yetu tumeifunga katika kitambaa, tumeiweka juu, karibu na mabati, salama kabisa. Twaitoa siku ya Jumapili. Haijaharibika, wapendwa. Imekosa mkono. Ivae. Nenda nayo sokoni, nenda nayo mahali pa kazi, nenda nayo pale bei inapotajwa. Ikitikiswa na matendo ya kila siku, itatembea.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, wewe uliyeumba mchana na usiku, tunakuja mbele zako na mikono yetu. Wewe wajua ilichopokea na kwa bei gani. Utusamehe kwa maneno tuliyosema ili kushusha thamani ya kitu cha mwenzetu, na kwa kunyamaza kwetu tulipopaswa kusema. Utupe ujasiri wa kurudi tulikokosa, tukiwa na kweli kinywani na haki mkononi. Uwakumbuke wajane na yatima, wale waliopoteza makao kando ya mto, na wale wanaosimama leo milangoni mwa viwanda wakingoja kuitwa. Uwatumie mwenye shamba aliye mwema. Nasi utufanye kuwa watu wa mizani moja, kanisani na sokoni. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.